Ulinzi Unaoishia Kumhamisha Aliyeshambuliwa

Ghasia za chuki dhidi ya wageni, yaani mashambulizi yanayomlenga mtu kwa sababu anahesabiwa kuwa si mwenyeji hata kama ana vibali vyote vya kuishi na kufanya kazi, zimejirudia mara nyingi nchini Afrika Kusini tangu Mei 2008, zilipozuka katika kitongoji cha Alexandra jijini Johannesburg, zikasambaa hadi Durban na Cape Town na kuua watu 62. Kati ya hao, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini, na kwa wale wanaodhani kwamba mwenyeji hana la kuogopa, idadi hiyo inatosha kuwa jibu.

Hoja ya toleo hili ni kwamba vyombo vya usalama, hata vinapookoa maisha, mara nyingi huwakamilishia washambuliaji kazi waliyoianza. Mwaka 2008 vituo vya polisi viliwafungulia milango maelfu ya waliokimbia, na Rais Thabo Mbeki akaidhinisha jeshi liwasaidie polisi waliokuwa wamezidiwa. Uokoaji huo hauwezi kubezwa. Hata hivyo, waliookolewa walipelekwa kambini, vibanda na maduka yao yakabaki mikononi mwa waliowafukuza, na mtaa ukawa umebaki bila wageni, jambo ambalo ndilo lililokuwa likidaiwa tangu mwanzo.

Aprili 2015, baada ya mauaji mengine Durban na Johannesburg, serikali ilianzisha Operesheni Fiela, msako uliowaunganisha polisi, wanajeshi na maofisa wa uhamiaji katika kutafuta silaha, dawa za kulevya na, kwa pupa kubwa zaidi, watu wasio na vibali. Mtu ambaye karatasi zake ziliteketea pamoja na nyumba yake alijikuta mtuhumiwa mbele ya dola iliyopaswa kumlinda, na ni vigumu kuona jinsi Mkongo au Msomali aliyeshuhudia hayo angethubutu tena kwenda kituoni kutoa ushahidi.

Kosa hilo limeambatana na jingine, la viongozi kushikilia kwamba yanayotokea ni uhalifu wa kawaida. Watafiti wa uhamaji katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akiwemo Jean Pierre Misago, wameonyesha kwamba mashambulizi mengi hupangwa na watu wa mtaani wenye maslahi ya siasa au biashara, hivyo polisi wanaowakamata waporaji peke yao huwaacha waitishaji wa mikutano ya kuyapanga wakiwa huru. Jalada la raia wa Msumbiji aliyechomwa moto akiwa hai mwaka 2008, ambaye picha yake ilitapakaa duniani kote, lilifungwa mwaka 2010 bila mtu yeyote kufikishwa mahakamani, na kwa walioongoza umati ule hakuna tangazo la msamaha lililo wazi kuliko hilo.

Novemba 2025 Mahakama Kuu jijini Johannesburg ililizuia kundi la Operation Dudula, linalopinga wageni, kuwadai watu vitambulisho na kuwafungia wagonjwa milango ya kliniki, ikieleza kwamba mamlaka ya kudai karatasi hizo ni ya polisi na maofisa wa uhamiaji pekee. Makala zinazofuata zinachunguza kinachohitajika ili polisi waitekeleze amri hiyo pale langoni, kwa kumkamata anayezuia njia badala ya kumhoji mgonjwa.