Mbwa Koko Naye ni wa Ngeli ya A-WA

Katika mitaa mingi ya Nairobi, apitaye kando ya malango ya watu hulakiwa na onyo lililoandikwa kwa herufi kubwa: "Mbwa Kali". Wanafunzi wa Kiswahili wamelicheka onyo hilo kwa miaka na mikaka. Mbwa yumo katika ngeli ya A-WA, hivyo basi kivumishi chapasa kuwa "mkali". "Kali" ni ya dawa na pombe. Hata hivyo, kosa hilo limebeba ukweli fulani. Aghalabu mwenye lango hamchukulii mbwa kuwa kiumbe mwenye uhai, bali kifaa cha ulinzi, mfano wa kufuli na seng'enge.

Mtazamo huo ndio unaotawala namna mbwa anavyopatikana. Anayemtaka huuliza kwanza uzao wake, kisha humnunua kilebu kando ya barabara kutoka kwa mchuuzi ambaye mara nyingi hana hata cheti cha chanjo. Kilebu akikua bila ukali uliotarajiwa, au mwenyewe akihamia nyumba ndogo zaidi, lango hufunguliwa naye akaachwa aende zake. Huko nje hupewa jina jipya: mbwa koko. Jina hilo hutumiwa kana kwamba ni la uzao fulani, ilhali wengi wa mbwa hao ni matokeo ya uamuzi wa binadamu.

Njia iliyo bora ipo. Shirika la KSPCA, lililoasisiwa mwaka wa 1910, lina makao ya wanyama mtaani Karen, Nairobi. Humo huhifadhiwa mbwa na paka waliotupwa au kudhulumiwa. Anayetaka kumchukua mbwa hulipa ada na kuhojiwa kuhusu makazi yake; mbwa naye huchanjwa na kuhasiwa ili asizae vilebu wengine wasiotakiwa. Hizo ni gharama ambazo mnunuzi wa kando ya barabara angezibeba mwenyewe au, kama ilivyo desturi, angezipuuza.

Kuzipuuza kuna maafa. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuwaua watu wapatao 59,000 ulimwenguni kila mwaka, na takriban visa vyote hivyo hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kunusurika. Wataalamu hushikilia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, uambukizaji hukatizwa. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kuzikomesha kabisa ifikapo 2030 athari za ugonjwa huu kwa binadamu. Ni vigumu mkakati huo kufaulu iwapo vilebu watanunuliwa leo na kutupwa kesho.

Wapinzani hawakosi hoja. Wapo wanaouliza: mbwa atatafutiwaje makao ilhali kuna watoto wanaolala barabarani? Swali hilo ni zito. Hata hivyo, huruma si shilingi ambayo ikitumiwa hapa itakosekana pale. Isitoshe, mtoto alalaye nje ndiye aliye karibu zaidi na meno ya mbwa asiyechanjwa.

Wengine hutaja imani. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi katika pwani ya Kenya, mbwa ni najisi, na methali yaonya kuwa achezaye na mbwa ataingia naye msikitini. Msimamo huo wastahili heshima. Lakini mafundisho ya dini hiyo hiyo yanasimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa na kiu. Kutomfuga mbwa ni jambo moja. Kumtesa ni jambo jingine kabisa.

Lugha yenyewe yaonyesha pengo lililopo. Mtoto huasiliwa, mbwa hununuliwa, hutolewa, hufugwa. Pengine wapo watakaoona kwamba kusema mbwa "ameasiliwa" ni kulishusha hadhi neno hilo. Na libaki la watoto, mradi wajibu usipotee pamoja nalo. Amchukuaye mbwa hujitwika chakula, maji, tiba na nafasi ya kutembea kwa miaka 10 au zaidi. Asiyeumudu mzigo huo asimchukue mbwa makaoni, na wala asimnunue barabarani. Kumwacha mnyama ateseke si ukosefu wa utu tu. Ukatili kwa wanyama umekatazwa na sheria za Kenya, Sura ya 360.

Basi anayehitaji mlinzi na aanzie makaoni kabla ya kumwendea mchuuzi. Akisharejea na mbwa wake, aliandike upya onyo la langoni, na safari hii asiisahau herufi "m".