Maoni: Kuku mwenye kidonda atengwe siku hiyo hiyo

Familia nyingi zilizokimbia mapigano ya ardhi kati ya Wambole na Walengola, yaliyoanza Lubunga mwaka 2023, zimeanza upya hapa Kisangani na kuku watatu au wanne. Kwa familia kama hiyo, kuku mmoja ni sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Basi si vizuri kuku aliyeumwa na mbwa kuachwa katikati ya wenzake.

Kuku huvutwa na damu. Wakiona kidonda chekundu wanakidonoa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwenzao anakufa. Si uchawi, ni tabia yao.

Dawa ya kwanza ni kitunga. Afunikwe kivulini, na maji na mahindi karibu, mahali wenzake wanamwona bila kumfikia. Akifichwa siku nyingi, akirudi watampiga kama mgeni. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kidogo cha chumvi. Kipande cha chandarua kizee kizuie nzi, wasije wakaleta funza. Arudishwe jioni, ngozi ikishafunga.

Wengine husema achinjwe tu. Mfupa ukivunjika vibaya, sawa. Lakini kuku anayetaga asiuawe kwa kidonda kinachoweza kupona.

Yule asiye na kidonda, mwenye shingo iliyopinda au kuharisha kijani, huenda ana ugonjwa wa Newcastle. Huyo awekwe mbali kabisa na wenzake, wala asipelekwe sokoni.