Chungu kimoja kinatosha nyumba nzima

Na Faida Mwangaza

Hapa Kamituga, mama akipakua ndizi zilizopikwa pamoja na maharagi, bila bugali pembeni, majirani wanaanza kuulizana kama mumewe bado ana kazi. Chakula cha heshima, tumezoea kusema, kinataka sufuria mbili: moja ya bugali, moja ya mboga, na mambo yakiwa mazuri, ya tatu ya samaki au nyama. Kilichopikwa pamoja chunguni kinaitwa chakula cha shida. Wiki hii nakitetea chakula hicho, tena kwa moyo wote, maana kinaweza kuwapunguzia wamama wa mji huu uchovu na makala ya kupikia, na watoto wao wakashiba vizuri zaidi.

Tuangalie kwanza sufuria mbili zinadai nini. Sombe inataka mtu wa kuchambua majani ya muhogo, kuyatwanga, kuyachemsha muda mrefu, kisha kutia mawese na kuyaacha yaive tena. Bugali inafuata, nayo inataka moto mkali na mikono yenye nguvu. Ni mapishi ya nyumba ambayo kuna mtu anashinda humo. Enzi za kampuni za migodi, MGL kwanza na halafu SOMINKI iliyoundwa 1976, nyumba za namna hiyo zilikuwapo: baba anashuka mgodini Mobale kuchimba, mwisho wa mwezi analipwa. Leo wamama wengi wako kwenye mawe ya dhahabu. Wanatwanga, wanabeba, wanaosha mchanga wa dhahabu, wanauza mafuta na chumvi kando ya njia. Mashine za kusaga mawe zilipokuja na kuwanyang'anya watwangaji sehemu kubwa ya kazi yao, hawakurudi nyumbani kupumzika. Walitafuta riziki pengine. Mwanamke aliyeshinda akitwanga mawe anafika kwake magharibi na kukuta kinu kingine kinamngoja. Naliona hilo kuwa ni kumwonea, hata kama nyumbani hakuna aliyekusudia kumwonea.

Halafu kuna bei. Bukavu iko kilomita zipatazo 180 tu kutoka hapa, lakini mvua zikishika, malori yanalala matopeni siku kadhaa, na tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 njia hiyo imekuwa na mashaka zaidi. Kila kinachopita humo kinafika ghali. Kwa hiyo nyumba inayowasha mbabula mbili za makala kila jioni inaunguza pesa ambazo zingenunua karanga au mayai.

Sasa chungu chenyewe. Asubuhi kabla ya kutoka, chagua maharagi, yaoshe, uyaloweke katika maji mengi. Jioni mwaga maji hayo, tia mapya, funika, uchemshe kwa nguvu. Dakika 10 za kwanza za kutokota sawasawa hazipunguzwi, maana maharagi yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu inayovuruga tumbo, na moto mdogo hauiondoi. Yakianza kulainika, tia ndizi za kupika zilizomenywa na kukatwa vipande vinene, pamoja na kitunguu na chumvi. Nyanya isitangulie! Uchachu wake unakaza ganda la haragi, na hapo utachochea makala hadi usiku wa manane. Ingoje mpaka haragi lipondeke kati ya vidole viwili, ndipo uitie pamoja na mawese. Mwisho kabisa weka lengalenga iliyokatwa juu, funika, epua, mvuke utaimalizia. Ukifunua, mafuta mekundu yamepanda juu, ndizi zimelegea pembeni, na mchuzi umekuwa mzito wenyewe.

Wamama wengi wanalalamika kwamba maharagi yanayouzwa hapa hayaivi. Wana haki. Maharagi yaliyovunwa kwenye baridi ya Kabare au Walungu, yakikaa miezi katika joto na unyevu wa huku kwetu, yanakuwa magumu, na maji hayapenyi tena vizuri. Basi nunua machache, mara kwa mara, kwa muuzaji anayepata mzigo mpya, wala usijaze gunia ndani ya nyumba. Dawa ya kutia magadi au maji ya majivu inalainisha kweli, lakini inaharibu baadhi ya vitamini zilizomo, kwa hiyo kuloweka kunabaki kuwa bora. Na ukiwa na kikapu kikubwa, kijaze majani makavu ya migomba na nguo za zamani. Sufuria ikishatokota vizuri, ifunike, uizike humo. Itaendelea kuiva bila kaa hata moja huku wewe unaoga na kuwasikiliza watoto.

Makala ni sababu nzuri, lakini iliyo kubwa kwangu ni jinsi chakula kinavyogawanywa. Nyama au samaki akiwa katika bakuli lake, tunajua vipande vinakwenda wapi: kwa baba, kwa mgeni, kwa kijana mkubwa. Mtoto wa miaka miwili anachovya bugali katika mchuzi, anashiba tumbo bila kujengeka mwili, na mama anakwangua mabaki. Kivu yetu inaujua ugonjwa wa kwashakoo miaka mingi. Madaktari wa kituo cha utafiti cha Lwiro walianza kuuhangaikia tangu wakati wa Wabelgiji. Katika chungu kimoja, haragi, ndizi, mboga na mafuta vimeshachanganyika kabla upawa haujaingia. Kila sahani inapata kila kitu, na anayetaka kuchagua kilicho kizuri hapati pa kuchagulia.

Nimesema sahani, na ninamaanisha sahani ya kila mmoja. Ugonjwa wa mpox wa aina mpya uligunduliwa hapa hapa Kamituga mwaka 2023, kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024. Wakati ule wauguzi walitusihi tusichangie vyombo na mgonjwa. Mimi ningependa tuendelee hivyo hata nyumba ikiwa na afya, kwani mtoto mwenye sahani yake mama anaona amekula kiasi gani. Kwenye sinia la pamoja, mdogo anayekula polepole analala na njaa na hakuna anayejua.

Watu wa nchi jirani hawaoni aibu yoyote kwa chakula cha chungu kimoja. Mganda anaamka na katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharagi au matumbo, na watu wa ofisini Kampala wanaiagiza hotelini asubuhi. Watanzania wana makande, Wakenya wana githeri, mahindi na maharagi katika sufuria moja, na wanafunzi wengi wa vyuo na shule wamekuzwa na chakula hicho. Sisi tuna vyote: ndizi za kwetu, mawese ya kwetu, karanga za kwetu. Hata mchele unalimwa katika nchi ya Warega, na ukipikwa na karanga zilizotwangwa, kitunguu na sambaza wakavu waliooshwa mchanga, unatoka mlo kamili kwa muda mfupi kuliko kuchemsha sombe.

Na sombe, tafadhali, isiingizwe katika haraka hii. Majani ya muhogo yanataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi, ili sumu yake itoke. Muhogo mchungu nao ulowekwe siku zake zote. Burhinyi, katika territoire yetu hii ya Mwenga, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, kwa kula muhogo ulioharakishwa huku chakula kingine kikiwa haba. Sombe ipikwe siku ambayo kuna nafasi na mikono ya kutosha.

Najua watakaonijibu. Mchimbaji ataniambia kwamba bila bugali hajala, na kwamba ndizi hazimshikilii akiwa chini ya ardhi. Namheshimu, kazi yake ni nzito na inaua, tuliona hapa Kamituga Septemba 2020 shimo lilipojaa maji na kumeza vijana kwa makumi. Lakini bugali ya muhogo ni wanga karibu mtupu. Maharagi na mawese ndivyo vinavyobaki mwilini saa nyingi, na asubuhi mabaki ya jana, yakiongezwa maji na kutokoteshwa tena sawasawa, yanampeleka kazini ameshiba kuliko chai na beignet. Chai yenyewe ingoje kidogo baada ya mlo, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagi.

Jambo la mwisho nawaambia akina baba wenye watoto wa kiume. Chakula hiki hakina kusonga wala kutwanga. Kijana wa miaka 14 aliyetoka shule saa saba anaweza kukiweka motoni na kukisimamia mpaka mama yake afike. Mwonyesheni haragi linavyopondeka kati ya vidole, mwambieni habari ya nyanya, kisha mwachieni mbabula.