Umeme Haumfundishi Mtu Kutembea

Nina ugomvi na mashine moja ndogo. Ukubwa wake ni wa redio ya mezani, ina vitufe na taa ya kijani, na ubavuni mwake zinatoka nyaya zinazoishia kwenye pedi za kunata. Ingia katika chumba chochote cha fiziotherapia, kiwe cha hospitali kubwa au kile kilichopanga ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, utaikuta. Sisi watu wa benchi tunaiita “umeme” basi. “Leo umepigwa umeme?” tunaulizana. Aliyepigwa hujibu kwa fahari kidogo, kama mtu aliyehudumiwa. Asiyepigwa hulalamika kwamba amekuja toka asubuhi, amelipa nauli mbili, na amepewa mazoezi tu.

Hilo “tu” ndilo ninalogombana nalo.

Sigombani na umeme kwa sababu ni mgeni katika tiba. Una miaka mingi kuliko vidonge vyetu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, tabibu wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mgonjwa wa jongo asimame ufukweni, amkanyage taa wa umeme aliye hai, mpaka mguu ufe ganzi. Mwaka 1855 Mfaransa Duchenne alichapisha kitabu kizima juu ya kuelekeza umeme kwenye msuli mmoja mmoja. Na mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ambayo mashine yetu hii imesimama juu yake: kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na hisia za kuguswa zikipita kwa wingi, maumivu hubanwa yasipite yote. Kila mtoto anaijua nadharia hiyo bila kusoma. Akigonga kiwiko mlangoni, hukisugua. Mashine nayo inasugua, ila kwa mkondo badala ya kiganja.

Na inasugua kweli. Mwaka 2022 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 381 ya mashine za aina hii zinazojulikana kama TENS, na ukaona kwamba maumivu hupungua mgonjwa akiwa amefungwa pedi au mara tu baada ya kufunguliwa. Kwa hiyo anayesema umeme ni kiini macho mtupu amekosea, na mimi simo upande wake. Mama aliyefanyiwa upasuaji akapata nusu saa ya nafuu, na apewe nusu saa yake.

Ugomvi wangu unaanzia pale nusu saa ya nafuu inapouzwa kama kupona. Chukua maumivu ya kiuno, ambayo ndiyo yanayojaza mabenchi yetu. Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoandika miongozo ya tiba kwa huduma ya afya ya taifa, ilisema wazi kwamba wenye maumivu ya kiuno wasipewe TENS wala ile mikondo miwili inayopishanishwa mwilini. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likatoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno, na TENS likaiweka katika orodha ya mambo yasiyofaa kuwa huduma ya kawaida. Lililoyapendekeza ni mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Yaani lile “tu” letu.

Baba yangu hakuwa na kiuno. Alikuwa na kiharusi, na hapo bei ya muda ni kubwa zaidi. Anayemuuguza mtu wa kiharusi huambiwa mapema, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya nguvu zinazorudi hurudi katika miezi ya mwanzo. Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudiarudia: kusimama kutoka kwenye kiti, kuketi, kusimama tena, kuhamisha uzito kwenye mguu uliosusa, kupiga hatua, kukosea, kupiga nyingine. Ni kazi ya kuchosha, haina taa ya kijani, na hakuna awezaye kuifanya kwa niaba yako.

Tulimpeleka kliniki moja ya binafsi. Vikao 24, shilingi 20,000 kila kimoja, jumla 480,000. Kwetu hiyo ni pesa ya mbuzi wanne. Kila kikao kilikuwa cha dakika 30. Baba hulazwa, hupakwa jeli, hubandikwa pedi bega na paja la upande uliopooza, kitufe huzungushwa.

“Mzee, unawasikia siafu wanatembea?”

“Nawasikia, mwanangu.”

“Haya, tulia hapo.”

Kisha pazia huvutwa na binti yule huhamia kitanda cha pili, cha tatu, cha nne. Dakika 20. Zidisha kwa vikao 24: saa nane. Saa nane za siku zile za thamani baba yangu alizimaliza akiwa amelala chali, akiangalia feni. Saa nne zilizobaki ziligawanywa kati ya kuvua viatu, kupima presha, kupandishwa kitandani, kushushwa, na mazoezi. Siafu walitembea vizuri sana. Baba hakutembea.

Sidai kwamba saa nane zingemrudisha kwenye baiskeli yake. Nadai kwamba zilikuwa zake, na zilitumika kwa jambo lisilomtaka afanye chochote.

Simlaumu yule binti kama mtu. Alikuwa na vitanda vinne na mikono miwili. Hapo ndipo ilipo siri ya mashine kupendwa: inamwezesha mtaalamu mmoja kuwa mahali pane. Ukimfundisha mzee kusimama huwezi kumwacha hata kwa pumzi moja, ataanguka. Ukimbandika pedi unaweza kumwacha dakika 20 na risiti ikaandikwa. Risiti zetu, ninazo, zimeandikwa “umeme” mara 24. Hakuna iliyoandikwa “alifundishwa kugeuka kitandani”, ingawa hilo lilifanyika mara mbili na ndilo lililotusaidia nyumbani usiku. Tunachoandika ndicho tunacholipia, na tunacholipia ndicho tunachopewa.

Na sisi wagonjwa hatuko nje ya lawama. Tumezoea tiba itufanyiwe: sindano ichome, dripu itiririke, mashine ingurume. Mtaalamu akikuambia usimame na kuketi mara 30 kabla ya chakula, unanung'unika kwamba hilo ungefanya kwako bure. Ndiyo. Bure, na kila siku, na ndilo linalofanya kazi. Lakini mtaalamu huyo alisoma miaka mitatu, minne, ajue ni mara 30 au 10, goti likae wapi, na lini usimame kwa sababu unajiumiza. Ujuzi huo ndio unaostahili 20,000.

Wapo watakaoniambia kwamba kwa kiharusi umeme una ushahidi wake. Ni kweli, tena ni hoja inayonisaidia. Mwaka 1961 Liberson na wenzake, Marekani, walimfungia mtu wa kiharusi kifaa kilichowashwa na swichi chini ya kisigino: kisigino kikiinuka, mkondo unapiga neva ya mguu, vidole vinanyanyuka, mguu hauburuzwi. Kizazi cha vifaa hivyo kipo mpaka leo, na hata NICE, wale wale waliokataa TENS kwa kiuno, mwaka 2009 walikubali vitumike kwa mguu unaoburuzwa kwa sababu ya ubongo au uti wa mgongo. Tena baada ya upasuaji wa goti, umeme wenye nguvu ya kutosha kuukaza msuli wa paja husaidia kuurudishia nguvu. Tazama tofauti. Mgonjwa wa Liberson alikuwa anatembea. Mwenye goti anaukaza msuli wake pamoja na mkondo, anatoka jasho. Umeme umekuja kazini kama kibarua wa mwili. Kwa baba yangu ulikuja kama mgeni wa heshima, mwili ukaambiwa ulale umpishe.

Kuna na la usalama. Katika vikao vyote 24 hakuna aliyeuliza kama baba ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Hakuna aliyejaribu, kwa pamba au kwa kidole, kujua kama ngozi ya upande ule inahisi. Siafu aliowasikia waliweza kuwa wa pedi moja tu kati ya mbili. Ngozi isiyohisi haipigi kelele ikiungua.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda na wazee wenu wiki hii, msiikatae mashine. Iulizieni. Inawashwa kwa ajili ya nini: kupunguza maumivu ili afanye zoezi, au badala ya zoezi? Ikiwa inawashwa, yeye anafanya nini? Mmeipima hisia ya ngozi? Na dakika 20 zikiisha, zipo ngapi za kusimama? Ulizeni kwa adabu, na shikamoo mtoe kama kawaida, lakini msitoke bila majibu. Mtaalamu mzuri atafurahi. Amechoka kuambiwa kwamba ametoa mazoezi tu.

Na mwenye kliniki aandike kwenye risiti yake, kwa herufi zile zile anazoandikia umeme: dakika 20, mgonjwa alisimama mara 30, tulimshika. Tutalipa.