Kusimama kwa kichwa: kile ambacho video haionyeshi

Tarehe 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014. Siku hizi video za watu waliosimama kwa kichwa, miguu juu, zinafika hadi Lusu, na vijana wanajaribu ukutani, wengine kwenye saruji tupu.

Tunaulizwa: ubaya uko wapi, wakati mama zetu wanabeba ndoo kichwani kila siku?

Tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Watafiti wa Texas, Marekani, waliwapima watu waliozoea zoezi hili wakakuta kichwa kinapokea asilimia 40 hadi 48 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 60, hizo ni kilo 24 hadi karibu 29. Na hao ni wazoefu. Tena mama akiyumba huiachia ndoo. Wewe ukiyumba, mzigo ni mwili wako, na shingo inapinda nao.

Mama huyo pia alianza utotoni na kidumu kidogo na ngata. Hata wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na mizigo ya kama kilo 30 walianza mapema. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika juu ya watoto wenye pembe ndogo za ndovu begani.

Ashtanga, yoga iliyoenezwa na K. Pattabhi Jois wa Mysore, India, inafuata njia hiyohiyo. Kusimama kwa kichwa huja mwishoni mwa mazoezi, uzito ukiwa zaidi mikononi. Mikao saba ya kichwa mfululizo hufunga hatua ya pili, na mwanafunzi haifikii kabla ya kuiweza ya kwanza. Video inaanzia hapo kwenye saba! (Kama ni dini au si dini, waulizeni mashehe na wachungaji.)

Sisi hatusemi vijana waache. Waanze na viwiko chini, makalio juu, kichwa kisiguse ardhi, kwa miezi. Mwenye presha, presha ya macho, mjamzito au aliyewahi kuumia shingo asijaribu kabisa.

Na mtu akianguka akasikia ganzi mikononi, msimkande wala kumkalisha. Alale bila kusogezwa shingo, aitwe mhudumu wa zahanati.