Kazi ya Mtandaoni Bila Mkataba ni Unyonyaji Mtupu

Umezuka katika jiji la Arusha mtindo wa kumtumikisha kijana kwa kompyuta yake mwenyewe, kwa umeme alioulipia mwenyewe na bando alilolinunua mwenyewe, na mwisho wa yote kumlipa maneno. Mtindo huu umeenea kutoka Njiro hadi Sakina, na kutoka Ngarenaro hadi Usa River, na wanaoufuata hawaoni haya. Baadhi yao huusimulia barazani kama ujanja wa biashara. Huo si ujanja. Ni wizi wa jasho la mtu, na jina lake la siku zote ni unyonyaji.

Chukua mfano wa kijana aliyehitimu Chuo cha Ufundi, au Chuo cha Uhasibu pale Njiro, ambaye anajua kutengeneza tovuti. Anaitwa na mwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Ni mwezi Machi, masika yameanza, na magari yamelala yadini. Mwenye kampuni anataka tovuti mpya kabla ya msimu wa Juni. Wanazungumza nusu saa, wanapeana mikono, na kijana anaambiwa aanze, mambo ya fedha yatazungumzwa mbele ya safari. Anaanza. Kurasa tano zilizotajwa siku ile zinakuwa kumi na mbili. Maandishi yaliyokuwa ya Kiingereza yanatakiwa yawe pia ya Kijerumani na Kifaransa. Picha za tembo zinakataliwa, zinatakiwa za simba. Za simba zikiletwa, shemeji yake mwenye kampuni anapenda zile za tembo. Rangi ya nembo inabadilishwa mara nne. Juni inafika, tovuti iko hewani, wageni wanaandika na kulipa kwa dola. Kijana akiuliza ujira wake anaambiwa asubiri wageni waje. Wakija, anaambiwa asubiri waondoke. Wakiondoka, simu haipokelewi.

Wapiga picha wanakijua kisa hiki. Wanakijua wafasiri, wachoraji wa nembo, wahariri wa filamu fupi za safari, na wale wanaoendesha kurasa za Instagram za mahoteli. Kila mmoja ana chake cha kusimulia, na vyote vinafanana kama mapacha.

Linaloudhi zaidi ni jina wanaloitwa vijana hawa. Wanaitwa "wafanyakazi wa kujitegemea". Neno hilo lina historia yake katika mji huu. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa, likiwataka Watanzania waijenge nchi yao kwa nguvu zao wenyewe, na likilaani maisha ya mtu kula jasho la mwenzake. Leo, katika mji huo huo wenye jumba la makumbusho ya Azimio, neno lile lile limegeuzwa kuwa pango la kujifichia wanyonyaji. Kujitegemea sasa kunafasiriwa kwamba kijana akiugua ni juu yake, kompyuta ikiungua ni juu yake, umeme ukikatika usiku wa kukabidhi kazi ni juu yake. Faida peke yake ndiyo isiyokuwa juu yake.

Wananchi wa Mlima Meru hawahitaji kufundishwa ubaya wa masharti yanayopangwa na upande mmoja. Katika mashamba ya walowezi vibarua walifanya kazi kwa kipande, ile kadi ya siku 30 ambayo mpaka ijazwe ndipo mtu aone ujira wake. Na mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki kuwapisha walowezi, kwa mpango uliotokana na ripoti ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, mpango ambao wao hawakuukubali. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi ilikuwa yao kwa jembe na kwa makaburi ya babu zao. Karatasi ilikuwa ya wengine, na karatasi ndiyo iliyoleta askari. Wapo watakaosema kwamba kutaja mambo hayo mazito pamoja na tovuti za watalii ni kutia chumvi. Ukubwa wa madhila haulingani, ni kweli kabisa. Lakini njia ni moja: mwenye nguvu hupanga masharti, na mnyonge huyafahamu siku yanapomwangukia.

Hoja inayotolewa kila mara na wenye kampuni ni kwamba kuandikishana ni kutoaminiana. Wanasema huyu ni mdogo wetu, ni mtoto wa jirani, tunasali naye kanisa moja, karatasi ya nini? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingetoka kwa watu wasiojua karatasi. Lakini mwenye kampuni huyo huyo hampeleki mgeni Serengeti kabla ya kupokea malipo ya awali, na humtumia masharti marefu ya kughairi safari. Yeye mwenyewe huandikishwa na benki, huandikishwa na hoteli, huandikishwa na aliyempangisha ofisi, wala hanung'uniki kwamba haaminiwi. Ni kijana wa kompyuta peke yake anayepewa heshima ya kuaminiwa bila maandishi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili inayopotea ni mali ya mtu mmoja tu kati ya wawili.

Wapo pia wanaojidanganya kwamba yaliyosemwa kwa simu au kuandikwa kwenye WhatsApp si mkataba. Na walale usingizi wao, lakini sheria haiko upande wao. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya hiari kati ya watu wenye uwezo wa kisheria, yenye malipo halali na kusudi halali, ni mkataba, hata kama ni ya mdomo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, inatambua mikataba iliyofungwa kwa njia ya kielektroniki, inatambua saini za kielektroniki, na inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo kijana aliyeandikiwa "anza kazi, bei sawa" ana neno la kusema mbele ya hakimu. Shida yake ni kwamba bei ipi? Kazi ipi? Hakimu hakuwapo walipopeana mikono, na mkataba wa mdomo, ijapokuwa ni halali, ni wa kubishaniwa hadi mmoja achoke. Anayechoka kwanza ni yule asiye na nauli ya kurudi mahakamani.

Wala isisemwe kwamba mkataba ni lazima uandikwe na wakili kwa Kiingereza cha mahakama. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na kurasa mbili za Kiswahili safi zinatosha kwa kazi nyingi za aina hii. Jambo kubwa katika kurasa hizo ni kipimo cha kazi. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hupimiwa mzigo wake kwa mizani getini, usizidi kilo 20, na utaratibu huo ulikuja kwa sababu palikuwa na watu waliowatwisha wapagazi bila huruma. Mzigo wa kijana wa kompyuta haupimwi na mtu yeyote, nao huongezwa njiani: ukurasa mmoja leo, lugha moja kesho, filamu fupi keshokutwa, "kitu kidogo tu, ndugu yangu". Mkataba ndio mizani yake. Useme kurasa ngapi, kwa lugha zipi, picha zitaletwa na nani na lini, marekebisho yatafanywa mara ngapi bila malipo, na kila nyongeza ni bei gani. Mteja anayebadilisha mawazo mara nne ana haki ya kufanya hivyo, mradi alipie mawazo yake.

Malipo nayo yagawanywe: sehemu kabla ya kuanza, sehemu kazi ikiwa nusu, na iliyobaki siku ya kukabidhi, kwa tarehe zilizotajwa na si kwa msimu wa wageni. Kisha kuna suala la umiliki, ambalo wengi hulisahau mpaka waanze kutukanana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha, maandishi na programu za kompyuta. Basi mkataba uamue haki hizo zinahamia kwa mteja siku gani, na siku ya busara ni ile ya malipo ya mwisho. Uamue pia jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani na maneno ya siri anayashika nani.

Hapo ndipo vijana nao wanapopaswa kuambiwa ukweli. Wapo wanaosajili jina la tovuti ya mteja kwa majina yao wenyewe, kisha wakalifanya mateka. Wapo wanaopokea malipo ya awali na kutoweka, na wapo wanaobandika picha zilizoibwa kwa wapiga picha wenzao huku wakilia kwamba wananyonywa. Kijana wa namna hiyo ni kupe kama kupe mwingine, na ndiye anayempa mwenye kampuni kisingizio. Mkataba utambane huyo pia, kwa tarehe ya kukabidhi na kwa kurudisha fedha asipokabidhi.

Liko kundi lenye ujanja wa hali ya juu zaidi. Hawa huandika mkataba kwa furaha, tena wenye mhuri, unaosema kwamba kijana ni mtoa huduma huru na wala si mwajiriwa. Kisha kijana huyo huripoti ofisini saa mbili asubuhi kila siku, hutumia vifaa vya kampuni, hupangiwa kila anachofanya, wala hana mteja mwingine. Wanadhani neno moja katika karatasi limefuta likizo, limefuta hifadhi ya jamii na limefuta notisi ya kuachishwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kinawaumbua. Mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au anayemtegemea kiuchumi, au aliyemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uwe na sura gani. Kimojawapo kikiwapo kinatosha. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya watu kama hao, na waende.

Kwa wanaofanyia kazi wateja wa ng'ambo, hali ni ngumu zaidi kwa sababu mkataba umekwisha kuandikwa na mwenye soko. Fiverr, kwa mfano, hukata asilimia 20 ya kila malipo ya mfanyakazi, na asiyetaka aondoke. Hata hivyo umbali si kinga tena. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni ya Meta ya Marekani inaweza kushtakiwa nchini humo na wahakiki wa maudhui waliofanya kazi Nairobi kupitia kampuni ya kati. Shauri lile ni la ajira, lakini kijana wa Tengeru anayefanyia kazi kampuni ya nje na alitazame kwa makini.

Sheria zilizopo ni njema, ila zinamsubiri mnyonge aende kuzitafuta. Hata New York, makao ya ubepari wa dunia, waliona hilo halitoshi. Tangu Mei 15, 2017 sheria ya mji ule inamlazimisha mteja kumwandikia mkataba mfanyakazi huru kwa kazi ya dola 800 au zaidi, na kumlipa kwa tarehe waliyokubaliana, au ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika kama haikutajwa tarehe. Mwaka 2024 utaratibu kama huo ulienezwa jimbo zima. Ikiwa mabepari wa Wall Street wamekubali kubanwa hivyo, ni aibu gani kwa nchi ya Azimio kubaki nyuma? Hazina yetu imekwisha kuwaona vijana hawa: Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 katika malipo ya watengenezaji wa maudhui ya kidijitali. Kodi ni wajibu, na ilipwe. Lakini ujira unaotambulika siku ya kukatwa kodi utambulike pia siku unapodhulumiwa, na waheshimiwa Wabunge wanajua pa kuanzia.

Wakati Bunge likitafakari, Arusha haina haja ya kungoja. TATO, chama cha waendesha utalii chenye makao yake hapa hapa, kinaweza kuwapa wanachama wake mfano mmoja wa mkataba wa Kiswahili. Umoja wa Vijana kata kwa kata unaweza kuusambaza. Na vijana wenyewe waache kushindana kwa kupunguziana bei kama wachuuzi wa stendi. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliungana katika ushirika kwa sababu mmoja mmoja walikuwa wakipangiwa bei. Wapiga picha na watengeneza tovuti ishirini wa Kijenge wakijiandikisha chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 watakuwa na mkataba mmoja, bei ya chini moja, na orodha moja ya wateja wasiolipa. Tovuti za msimu huagizwa mwezi Machi, magari yakiwa bado yadini. Mteja atakayekuja mwezi huo akikuta karatasi ile ile kwenye kila meza, hatakuwa na mlango wa pili wa kugonga.