Laini inaingia wapi?

Fundi pale Kariakoo alikigeuza kile kidude mara ya tatu, akapitisha ukucha ubavuni kutafuta kitundu. "Laini inaingia wapi?" Nilikuwa nimempelekea iPod touch yangu ya zamani, betri imechoka. Nilipomwambia haina laini na haijawahi kuwa nayo, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa sabuni ndani ya boksi la simu. "Sasa bosi, kazi yake nini?"

Wengi wetu tungeuliza hivyo hivyo. Tumeshajiaminisha kwamba kifaa chenye skrini ya kugusa kisichopiga simu ni kilema, simu iliyokatwa ulimi. Nasema hapana. Kukosa laini ndiko kunakokipa thamani.

Apple walianza kuuza iPhone Juni 2007. Septemba hiyo hiyo wakaleta iPod touch: skrini ile ile ya inchi 3.5, muziki, video, intaneti ya Wi-Fi, ila simu hamna. Mei 2022 walipotangaza kuiacha, wenye imani hiyo wakasema soko limeamua. Kitu kisicho na kazi kiliuzwaje karibu miaka 15? Na mwaka 2023 Sony wakatoa Walkman NW-A306: skrini ya kugusa, Android, tundu la earphone ambalo simu nyingi zimeshaling'oa, na laini hakuna. Hawa nao hawajui biashara?

Lakini tuyaache ya Japani na Marekani, maana huku kwetu hoja ina uzito zaidi. Mwaka huo huo wa 2007, mwezi Machi, Safaricom walizindua M-Pesa Kenya. Tangu hapo laini si ya kupigia tu. Ni pochi, ni kibubu, na hapa Tanzania imesajiliwa kwa alama ya kidole chako. Halafu unakaa dirishani kwenye daladala, foleni ya Ubungo, umeishika simu yenye laini hiyo mkononi ili usikilize taarab! Ikikwapuliwa, kazi unayo: kuripoti polisi, kurudisha laini, kubadilisha namba ya siri, na kuwaomba jirani na shemeji wasitume hela yoyote ikiombwa kwa jina lako. Wakikwapua iPod, umepoteza nyimbo. Utasonya, utashuka kituoni, basi.

Mama yangu husikiliza kisomo cha Qur'ani kila baada ya swala ya alfajiri. Alipokuwa akitumia simu, msomaji yuko katikati ya aya, mara mlio: ofa ya bando. Aya ya pili, mlio: "ile pesa tuma kwenye namba hii." Alikuwa akiweka tasbihi chini, anavaa miwani, anasoma ujumbe wa tapeli hadi mwisho, anaomba radhi kwa Mungu, anaanza sura upya. Utaniambia angezima mlio. Ungemwambia wewe, mimi nilishindwa. Aliogopa isije ikawa simu ya msiba.

Hapo ndipo wananibana: je, dharura? Kwani nimesema mtu asiwe na simu? Kitochi kipo, kinakaa na chaji siku tatu, na kikiita unajua ni mtu anayekutafuta. Viwe viwili, kila kimoja na kazi yake. Mbona nyumbani una sufuria na birika, na vyote vinachemsha maji?

Nakubali, watengenezaji wenyewe waliichafua hoja yangu. Ile iPod iliongezewa duka la programu mwaka 2008, kamera mwaka 2010, ikaanza kupokea ujumbe kila ilipopata Wi-Fi. Ukiishi kwenye Wi-Fi mchana kutwa, makelele yatakufuata humo humo. Lakini ukitoka nje ya geti inanyamaza, na simu yenye bando hainyamazi. Ndiyo maana muuza bando hawezi kukipenda kidude hiki: ukishajaza nyimbo zako, hana cha kukudai mwezi ujao.

Fundi alibadilisha betri. Tulipoiwasha, akavaa earphone kujaribu, wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza. Simu yake juu ya meza ikaita. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kusikiliza.